Mkimbizi wa Maili Tatu

Sisi wa kambini tunaijua Uingereza kwa mpira, na kwa wageni wanaokuja na madaftari. Ukimuuliza kijana atakutajia Arsenal, ukimuuliza mzee atakutajia malkia. Lakini huko nako kuna vijijini, na kulikuwa na watu waliolala na njaa wakilima mashamba ya wengine. Habari za kijiji kimoja zimenikaa kichwani tangu nilipozisoma kwenye kitabu kimoja cha maktaba yetu, kile kisicho na jalada. Kijiji hicho kinaitwa Helpston.

Kiko mashariki mwa Uingereza, kati ya miji ya Peterborough na Stamford. Upande mmoja kuna nyanda za chini zenye maji mengi, upande mwingine ardhi ya mawe ya chokaa. Katikati ni kanisa la Mtakatifu Botolph. Sisi tukisema parokia tunafikiria misa na katekisimu. Kwa Waingereza wa zamani parokia ilikuwa pia serikali ya kijiji. Mwaka 1538 kila parokia iliamriwa iandike kitabuni ubatizo, ndoa na maziko. Sheria ya 1601 ikaongeza kwamba kila parokia itunze maskini wake kwa kodi ya wenye mali wa palepale. Basi unaona, kuishi kwa kuandikwa kwenye orodha hakukuanzia kwetu.

Katika kijiji hicho, tarehe 13 Julai 1793, alizaliwa mtoto John Clare. Baba yake, Parker, alikuwa akipura nafaka ghalani mwa watu. Mama yake hakujua kusoma. Bustanini walikuwa na mti mmoja wa matofaa, na mwaka ukiwa mzuri, matofaa hayo ndiyo yaliyolipa kodi ya nyumba. Mtoto huyo alichunga mifugo, akafanya vibarua, na usiku akaandika mashairi. Kitabu chake cha kwanza kilitoka London mwaka 1820, na watu wa mjini wakaanza kufunga safari kwenda kumwangalia mkulima anayeandika.

Lakini kabla ya kitabu, kijiji kilikuwa kimeshaguswa. Helpston ya utoto wake haikuwa na uzio mwingi. Kulikuwa na mashamba makubwa yaliyogawanywa vipande vipande, na kulikuwa na malisho ya wote. Hapo maskini aliweza kuokota kuni, au kulisha ng'ombe wake mmoja kama alikuwa naye. Nani alimpa ruhusa? Hakuna. Babu yake alifanya hivyo, na babu wa babu yake. Mwaka 1809 Bunge likapitisha sheria ya kugawanya ardhi ya Helpston na parokia za jirani na kuizungushia ua. Mgawanyo ulikamilika rasmi 1820. Haikuwa Helpston peke yake: kati ya 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria za namna hiyo zaidi ya 5,000.

Hakuna bunduki iliyolia, hakuna nyumba iliyochomwa. Walikuja wapimaji na ramani. Mwenye hati alipewa kipande chake kwa hati. Aliyekuwa na mazoea tu, mara nyingi aliondoka mikono mitupu. Njia za miguu zikafungwa, miti ikakatwa, vibao vikasimama kuwaambia watu wasipite. Na Clare mwenyewe, kwa sababu ya njaa, alifanya kibarua cha kupanda ua huohuo uliomfungia njia.

Jambo moja la baba yake lazima niliseme, hasa kwa ndugu zetu wa mashirika wanaosoma jarida hili. Parker alipougua baridi yabisi akashindwa kupura, parokia ilimpa shilingi 5 kwa wiki. Mzee hakukaa nyumbani kuzisubiri. Alijikokota barabarani akiziba mashimo kwa mawe, ili ajione kwamba pesa ile ameifanyia kazi, hakuokotewa. Ukiona mzee wa Kikongo anafagia mbele ya kituo cha mgao na hakuna aliyemtuma, usimcheke wala usimwambie apumzike. Anafanya kazi ya Parker.

Mawe yale pia yana habari yake. Kulikuwa na machimbo ya kale yaitwayo Swordy Well, yenye maua na vipepeo, ambayo zamani yalikuwa ya wote. Baada ya ugawaji yalikabidhiwa parokia, yachimbwe mawe ya kutengeneza barabara. Clare akaandika shairi ambamo mahali pale penyewe panasema, panalalamika kama maskini aliyeangukia mikononi mwa parokia. Mimi sijawahi kusikia shamba likisema. Lakini nilipofika hapo nilifunga kitabu kwanza.

Mwaka 1832 marafiki wenye uwezo walimhurumia. Clare alikuwa na mke, Patty, na watoto wengi katika nyumba ndogo. Wakampatia nyumba kubwa zaidi na kishamba huko Northborough. Kutoka Helpston ni maili tatu, kama kilomita tano. Hapa kambini tunatembea hizo kutafuta kuni. Nyumba ilikuwa nzuri, waliompa walikuwa na nia njema, na mtu akaanza kudhoofika. Aliandika kwamba hata jua lilionekana geni. Mwaka 1837 akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na London.

Mwezi wa Julai 1841 alitoroka. Alitembea siku nne, karibu maili 80, bila pesa. Usiku wa kwanza alilala kichwa kikielekea kaskazini, ili akiamka ajue upande wa kwao. Njiani alikula majani ya kando ya barabara. Miezi michache baadaye walimchukua tena, safari hii Northampton, na huko alikaa mpaka kifo chake mwaka 1864. Mwili ndio uliorudi Helpston. Kaburi lake liko kwenye uwanja wa kanisa.

Nimewahi kuambiwa, na kwa upole tu, "Ninyi Wakongo mna bahati, kwenu ni karibu, ni kuvuka ziwa." Ni kweli, Tanganyika si bahari. Lakini Clare alivuka maili tatu za nchi kavu, na hakufika salama.

Mama yangu alihojiwa kuhusu kurudi. Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa kijiji cha asili. Yeye alitaka kutaja kijito, mwembe wa babu, mpaka wetu na jirani. Mwandishi akamwambia mstari umekwisha, kisha akauliza kama tuna hati ya shamba. Mama akajibu kwa Kiswahili chetu cha Fizi: "Mwanangu, shamba yetu haiko na karatasi. Iko na makaburi. Haitoshi?" Yule kijana hakuwa na kisanduku cha kuweka jibu hilo.

Clare hakurudishiwa ardhi, kwa sababu hata kwa sheria haikuwahi kuwa yake. Ila aliandika. Aliandika majina ya vilima, visima, vichaka, viota vya ndege, mpaka leo mtu akitaka kujua Helpston ilikuwaje kabla ya ua anamuuliza maskini huyo kabla ya kuuliza ramani ya wapimaji. Swordy Well siku hizi ni hifadhi ya maua na wadudu.

Kwa hiyo nimenunua daftari la kurasa 96. Mama anasema, mimi naandika: kijito kinaanzia wapi, nani alipanda mwembe, nani amelala chini yake. Tumefika ukurasa wa 31. Wewe msomaji, mzee wako bado yuko? Muulize leo jioni, kabla hajalala.