Kitufe ambacho mama hakukiona

Leo siandiki juu ya mbegu wala viwavi. Naandika juu ya kioo cha simu yako, kwa sababu msimu mmoja kioo kilimkosesha mtu mbolea katika kata yangu, na mimi nikamlaumu mwenye simu.

Ililetwa programu ya kuombea mbolea kwa simu. Nilihudhuria semina, nikarudi na kishikwambi changu, nikazunguka vitongoji vyote kufundisha. Unaandika jina, ukubwa wa shamba, aina ya mbolea na idadi ya mifuko, halafu chini kabisa kuna vitufe viwili, kimoja juu ya kingine: Hifadhi, kisha Tuma. Kwenye kishikwambi vilionekana vizuri, vikubwa. Watu walinielewa, nami nikajiona nimefanya kazi nzuri.

Orodha iliporudi, mama mmoja wa kitongoji cha juu hakuwemo. Ana ekari mbili, analima na wajukuu. Alikuja ofisini na simu yake mkononi. Nikamwambia, "Mama, hukufuata maelekezo. Hukutuma." Akanijibu, "Bwana shamba, nilibonyeza Hifadhi, ikaniambia imehifadhiwa. Kitu kikihifadhiwa si kipo?" Badala ya kuomba kuiona simu yake, nilichukua kishikwambi nikamwonyesha kitufe cha Tuma kilipo, watu kwenye foleni wakitazama. Akaniaga akaondoka. Muda wa maombi ulikuwa umekwisha, kwa hiyo alipanda bila mbolea ya kupandia.

Wiki kadhaa baadaye nilipita shambani kwake. Mahindi yamedumaa, kingo za majani zimegeuka zambarau, dalili ya upungufu wa fosforasi ninayowafundisha kila mwaka. Hapo ndipo nilipoishika simu yake kwa mara ya kwanza. Simu ndogo, kioo kimepasuka pembeni, na maandishi ameyakuza hadi mwisho kwa sababu ya macho. Nikafungua ile programu. Hifadhi ilionekana. Tuma haikuonekana. Nikajaribu kuuvuta ukurasa uje juu, ukagoma. Maandishi makubwa yalikuwa yamekisukuma kitufe chini ya ukingo wa kioo, na ukurasa ulikuwa umetengenezwa usisogee. Asingekiona hata angekaa nacho mchana kutwa.

Nilimlaumu mbele ya watu, kwa hiyo radhi nayo niliiomba mbele ya watu, kwenye mkutano wa kitongoji. Mbolea haikurudi.

Baadaye mmoja wa vijana walioitengeneza alikuja kukusanya maoni. Nikaiazima simu ya mama nikampa. Alinyamaza kwa muda, akaomba kuipiga picha, kisha akafungua kompyuta yake akanionyesha jinsi walivyokuwa wakiipima kazi yao. Nakueleza wewe pia, maana kila mwaka tunaletewa programu mpya, na ukijua zinavyopimwa utajua pa kuuliza.

Programu ikibadilishwa hata kidogo, haiwezekani binadamu aipitie yote upya kila siku. Kazi hiyo wanapewa kompyuta. Chombo kinachojulikana sana ni Selenium, kilichoanzishwa mwaka 2004 na Jason Huggins alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya ThoughtWorks huko Chicago. Kinafungua ukurasa chenyewe, kinajaza majina, kinabonyeza vitufe, kisha kinasema kama jibu ni sahihi. Vijana wetu walikuwa na vipimo vya namna hiyo, na vyote vilifaulu. Tatizo ni kwamba vilikuwa vinaendeshwa kwenye kioo kipana cha kompyuta, maandishi yakiwa ya ukubwa wa kawaida. Hesabu ya mifuko ilikuwa sahihi kabisa. Hakuna aliyeiambia kompyuta iangalie kama kitufe kinaonekana kwenye simu ndogo.

Kupima mpangilio wa kioo ni kazi nyingine. Njia mojawapo ni ya kuandika kanuni. Kuna chombo kiitwacho Galen kilichotengenezwa kwa ajili hiyo: unaandika kwamba kitufe hiki kiwe chini ya kile, umbali fulani kati yao, na kisitoke nje ya kioo. Kisha kompyuta inafungua ukurasa kwa upana huu na ule, inapima, na kanuni ikivunjwa inasema wapi. Mimi nilielewa mara moja, kwa sababu ni kamba yetu ya kupandia. Unafunga mafundo, sentimita 75 mstari hadi mstari na 30 shimo hadi shimo, halafu huhitaji kubishana na kibarua. Unanyoosha kamba tu. Kamba haijui kama mbegu ni nzima au imeoza. Inajua nafasi.

Njia ya pili ni ya picha. Kompyuta inapiga picha ya kioo kikiwa sawa, inaihifadhi, na kila programu ikibadilishwa inapiga nyingine na kuzilinganisha nukta kwa nukta. Njia hii inaona mambo ambayo hakuna aliyefikiria kuyaandikia kanuni, lakini ina kelele. Saa iliyopo kwenye kioo ikibadilika tu, nayo inapiga yowe. Ni kama mbwa anayebwekea mbuzi wa nyumbani: wiki ya tatu hakuna anayeamka kumtazama. Na kama picha ya kwanza ilipigwa kitufe kikiwa tayari kimefichwa, kompyuta itaulinda upungufu huo kwa uaminifu wote.

Kijana alinionyesha pia mwongozo wa kimataifa wa kurasa za mtandao unaoitwa WCAG. Toleo la 2.1, la mwaka 2018, linataka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila mtu kupoteza maelezo wala kazi ya ukurasa. Linataka pia ukurasa wa kawaida usomeke kwenye upana wa 320, kwa vipimo vyao, bila kuuvuta kushoto na kulia. Kwa hiyo simu ya yule mama haikuwa kioja. Mtu wa aina yake alikuwa ameshafikiriwa na kuandikwa kwenye kanuni. Kwetu ndiko hakufikiriwa.

Waliongeza vipimo vya upana mdogo na maandishi makubwa, na siku ya kwanza kurasa nyingine mbili zilianguka, moja ikiwa ya kuandikia namba ya simu. Nilicheka, lakini si kwa furaha.

Wewe mfanyabiashara usidhani hili ni la wakulima tu. Ukimpa kijana kazi ya kukutengenezea daftari la mauzo kwenye simu, angalia atajaribu kwa bei gani. Akijaribu kwa 500, kila kitu kitakaa vizuri. Weka 1,250,000 na jina refu la mteja, uone kama tarakimu ya mwisho imebaki au imekatwa na ukingo. Shilingi yetu inahitaji nafasi kuliko dola. Maneno yetu nayo ni marefu: kitufe kilichopimwa kwa neno la Kiingereza lenye herufi nne hakitoshi "Thibitisha malipo". Mwulize anapima kwenye vioo vya upana gani, kwa maandishi makubwa kiasi gani, na kama kipimo kinajiendesha kila anapobadilisha kitu au ni mpaka akumbuke. Akisema ameangalia kwenye simu yake na iko sawa, mkumbushe kishikwambi changu.

Kompyuta nayo haimalizi. Haijui jua la saa saba shambani, wala kidole chenye udongo, wala kioo kilichopasuka mahali hasa penye kitufe. Na haijui kwamba mtu akiambiwa "imehifadhiwa" ataamini amemaliza. Hilo la neno mama alilisema siku ya kwanza, mimi nikaliona ni ubishi. Sasa ujumbe unasomeka "Bado hujatuma".

Mimi siku hizi sifundishi programu yoyote kwa kishikwambi. Naanza kwa kuuliza nani ana simu ndogo kuliko zote hapa, na nani amekuza maandishi. Hiyo ndiyo tunayofundishia. Ikikwama, tunapiga picha ya kioo palepale, tunaandika aina ya simu na ukubwa wa maandishi, na ninaituma kwa watengenezaji siku hiyohiyo, kabla muda wa maombi haujafungwa.

Maombi ya msimu huu yakifunguliwa, nitakuwa ofisini Jumanne, siku ya gulio, tangu asubuhi. Njoo na simu yako mwenyewe, usiazime ya mtoto. Mama wa kitongoji cha juu ameshaniambia atakuja wa kwanza.