Majina Kwenye Daftari

Ukimwuliza mtu anayependa anime akupendekezee moja ya kuanzia, kuna uwezekano mkubwa atakutajia Death Note. Ataitaja hata kwa yule anayesema hapendi katuni. Atakwambia ni fupi, sehemu 37 tu, si kama Naruto au One Piece ambazo zinakula miaka ya mtu. Atakwambia ina akili, na neno hilo atalirudia. Ukiingia IMDb utakuta alama zake zinakaribia 9 kati ya 10, ingawa imeshapita karibu miaka 20 tangu irushwe Japani, kuanzia Oktoba 2006 hadi Juni 2007.

Nami nimeipigia debe sana. Niliitazama mwaka wa pili chuoni, hosteli, kwenye laptopu ya mwenzangu ambayo betri yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo umeme ukikatika nasi tunakatikia hapo hapo. Tulikuwa wasichana wanne kitandani na tuliimaliza kwa siku tatu. Kwa muhula mzima, mhadhiri aliyetuudhi tulisema jina lake limeshaandikwa.

Mwaka huu nimeitazama yote tena, safari hii na mdogo wangu wa kiume aliyemaliza kidato cha sita. Maoni yangu ni haya: ni tamthilia nzuri ya kiasi iliyovishwa sifa za tamthilia kubwa. Wazee walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Nataka kueleza hii ilipasukia wapi.

Kwa asiyeijua, Light Yagami ni mwanafunzi wa sekondari mwenye miaka 17, anayeongoza darasani na kuchoshwa na kila kitu. Anaokota daftari jeusi lililoangushwa duniani na Ryuk, shinigami, yaani mungu wa kifo katika simulizi za Kijapani, ambaye naye kachoshwa na kwao. Mtu ambaye jina lake limeandikwa humo hufa. Mwandikaji lazima awe na sura ya mtu huyo akilini. Asipotaja sababu ya kifo, moyo unasimama baada ya sekunde 40. Light anaamua kuwamaliza wahalifu wote ili aijenge dunia mpya, na watu wanampa jina la Kira. Anayemsaka ni mpelelezi anayeitwa L, asiyejulikana jina wala sura.

Mwanzo wake bado una nguvu. Katika sehemu ya 2, L anamweka mfungwa aliyehukumiwa kifo mbele ya kamera ajifanye yeye ndiye L. Light anamwua papo hapo, kisha anagundua kwamba matangazo yale yalirushwa katika eneo la Kanto pekee. Kwa kosa moja la hasira, muuaji ambaye angeweza kuwa popote duniani amepatikana mkoa anaoishi. Nilijua linakuja, na bado nilikaa wima. Mwongozaji Tetsurō Araki, ambaye baadaye alituletea Attack on Titan, anajua kumfanya mtu anayeandika tu aonekane kama anapigana.

Lakini baada ya kuzijua mbinu zote, kinachobaki ni kusikiliza. Na ukisikiliza utagundua kwamba watu hawa hawaongei, wanajieleza. Light anafikiri kwa sauti dakika nzima kwamba L lazima atafikiri hivi, kisha tunahamia kwa L, naye anafikiri hivyo hivyo. Mara ya kwanza inaonekana ni akili. Mara ya pili unaona mwandishi mmoja anayecheza bao peke yake, akihamia upande wa pili kila baada ya kete. L anasema anamshuku Light kwa asilimia 5, na hakuna anayeuliza hiyo 5 ameipataje.

Halafu kuna wanawake. Naomi Misora, aliyewahi kuwa mpelelezi wa FBI, ndiye anayegundua mapema kwamba Kira anaweza kuua kwa njia nyingine mbali na moyo kusimama. Anafikia hapo peke yake, akiwa na msiba wa mchumba wake. Hadithi inamfanya nini? Inamkutanisha na Light kwa bahati, anamwonyesha kitambulisho chake, na sehemu ya 7 inapoisha anatembea kuelekea kifo chake. Anayebaki kutuwakilisha ni Misa Amane, ambaye kazi yake ni kumpenda Light na kutumiwa naye. Tulipokuwa wanne kitandani tulimcheka Misa. Safari hii nilikuwa nahesabu mara ngapi anaruhusiwa kuwa na wazo lisilomhusu Light. Hesabu haikunichosha.

Tatizo linalojulikana zaidi ni nusu ya pili, na hili lina sababu inayoonekana kwa macho. Hadithi ilianza kama manga ya Tsugumi Ohba, ikachorwa na Takeshi Obata, ikatoka katika jarida la Weekly Shōnen Jump kati ya 2003 na 2006, sura 108. L anakufa katika sura ya 58. Studio ya Madhouse ilizipa sura hizo 58 sehemu 25. Sura 50 zilizobaki zikabanwa katika sehemu 12. Near na Mello, vijana wanaorithi kazi ya L, wanaingia kama abiria waliopanda daladala ambayo tayari inaondoka. Hatuwajui, hatuna muda wa kuwajua, na mmoja wao ndiye atakayemshinda Light. Ndiyo maana wengi wakisema wanaipenda Death Note wanamaanisha sehemu 25.

Yote hayo ningeyasamehe. Tamthilia nyingi ninazozipenda zimechechemea mwishoni. Kilichoniondoa kabisa ni majina.

Mwaka jana nilijitolea katika kituo kimoja cha msaada wa kisheria. Kazi yangu ilikuwa ya kuchosha: kuingiza kwenye kompyuta majina ya mahabusu ambao kesi zao zilikuwa zimekaa muda mrefu. Nilijifunza haraka kwamba jina si kitu kigumu kama tunavyodhani. Mtu mmoja ameandikwa kwa r katika hati ya mashtaka, kwa l katika karatasi ya dhamana, na katika orodha nyingine hana jina la baba, ana la babu. Mwingine alikuwa na miezi minane ndani kwa kesi ambayo shahidi wake alishahama mji. Mwingine kosa lake lilikuwa kufanana majina matatu, la kwanza, la baba na la ukoo, na mtu anayetafutwa. Alipotoka alituuliza nauli ya kurudia kwake, basi.

Katika kanuni za daftari la Light kuna moja inayosema ukikosea kuandika jina la mtu mara nne, daftari halimdhuru tena. Nilicheka peke yangu. Mahabusu wetu wengi wangesalimika kwa hilo.

Lakini Light anapata wapi majina yake? Kwenye taarifa ya habari. Kwenye mafaili ya baba yake, ambaye ni ofisa mkubwa wa polisi. Picha ya mtuhumiwa inatokea, jina linatokea chini yake, kalamu inatembea. Waandishi walikumbuka wenye majina yanayofanana, ndiyo maana wakaweka ile kanuni ya sura. Walikumbuka waliokosewa herufi. Katika sehemu 37, hawakai hata na mtu mmoja aliyeshtakiwa kwa jambo ambalo hakulifanya. Wahalifu wa Death Note wote ni wahalifu kweli. Bila sharti hilo, mjadala mzima ambao mashabiki wameuendesha kwa miaka, kwamba je, Kira ana haki, unavunjika kabla haujaanza.

Na hawakuhitaji kwenda mbali kuutafuta mfano. Iwao Hakamada, bondia mstaafu, alikamatwa mwaka 1966 kwa mauaji ya watu wanne wa familia moja mkoani Shizuoka, ambako alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha miso. Mwaka 1968 alihukumiwa kifo. Japani mfungwa wa namna hiyo huambiwa asubuhi ya siku ile ile anyongwayo, kwa hiyo kila asubuhi inaweza kuwa ndiyo. Death Note ilipokuwa ikirushwa, Hakamada alikuwa ndani kwa miaka 40. Aliachiwa 2014 ili kesi isikilizwe upya, na Septemba 2024, akiwa na miaka 88, mahakama ikamwona hana hatia na kusema ushahidi uliomtia hatiani ulikuwa umetengenezwa. Dada yake, Hideko, alimpigania muda wote huo. Jina lake lilijulikana, picha yake ilijulikana, hukumu yake ilijulikana. Kwa Light angekuwa kazi ya sekunde 40.

Mdogo wangu hakukubaliana nami. Ana sababu. Mwaka juzi alikabwa na vijana wawili wenye panga akitoka tuisheni, wakachukua simu ambayo mama alikuwa bado anailipia kidogo kidogo. Tulipofika pale Light anapoua kwa mara ya kwanza, aliitikia kwa kichwa.

“Dada, wale wangekufa ningelala vizuri,” alisema.

Nikamwuliza kama anayajua majina yao. Hapana. Sura je? Mmoja alivaa kofia, kulikuwa na giza.

“Sasa ungemwandika nani?”

Alifikiri kidogo. “Ningeanza na wale wa kijiweni.”

Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayepanga kazi. Kijiwe hicho kiko mita hamsini kutoka kwetu. Anakaa pale fundi pikipiki aliyembeba mama usiku ule presha ilipompanda. Anakaa pale mwenzake wa darasa la saba. Wako pia ambao mimi mwenyewe nikiwapita nashika mkoba vizuri. Nilimtajia hao wawili kwa majina. Alinyamaza, kisha akasema tuendelee, umeme usije ukakatika.

Mazungumzo hayo, yasiyofika dakika mbili, yaliniambia kuhusu haki kuliko sehemu zote 37. Kwetu huhitaji shinigami. Inatosha mtu mmoja apige yowe la mwizi, na sokoni watu wanapata mawe na tairi kabla hawajapata jina. Sehemu ya hadithi iliyokosekana kwa Light ndiyo hiyo: mkono hauandiki jina la aliyekosa, unaandika jina lililo karibu.

Najua utetezi. Mtaniambia hadithi inamhukumu Light, kwamba anakufa vibaya, anakimbia akivuja damu, mpango wake wote umeanguka. Ni kweli, anahukumiwa dakika za mwisho. Lakini muda wote kabla ya hapo anapigiwa kwaya. Akila krispi huku akiua kwa mkono mwingine, picha inapungua kasi na muziki unapanda kana kwamba ni ibada. Ukitaka tumwogope mtu, usimpe kwaya. Na katika sehemu ya mwisho anajigamba kwamba vita vimekoma na uhalifu duniani umepungua kwa zaidi ya asilimia 70, na hakuna aliyepo anayempinga takwimu zake. Hadithi inamwacha aondoke na hoja hiyo mkononi, imara kama alivyoiokota.

Kwa hiyo mtu akiniomba ushauri leo, simkatazi. Namwambia atazame hadi sehemu ya 25, afurahie L anavyokaa kwenye kiti kama mtoto aliyekatazwa kushusha miguu, kisha apumzike. Akitaka hadithi inayouliza kweli kama maisha ya mtu mmoja yana uzito sawa na ya mwingine, studio hiyo hiyo ya Madhouse ilitengeneza Monster mwaka 2004, kuhusu daktari anayemwokoa mtoto ambaye baadaye anakuwa muuaji. Ina sehemu 74 na haina daftari la ajabu. Daktari yule anapolazimika kuamua nani afe, anakuwa amemjua mtu huyo kwa jina, kwa sura, na kwa yote yaliyompata utotoni. Ni ndefu, inakwenda taratibu, na mdogo wangu ameshafika sehemu ya 9.