Kuku wa Kuchemsha wa Lyon

Kwa miaka mingi, mtu akiniuliza mama yangu anafanya kazi gani, nilimjibu kwamba ana biashara ya chakula Morogoro. Halikuwa jibu la uongo, na ndiyo maana nililipenda. Aliyeniuliza alijijengea mwenyewe picha ya mgahawa wenye meza na feni, nami nikanyamaza. Mama yangu ni mama lishe. Baba alipofariki sijaanza hata darasa la kwanza, mama akatandaza turubai karibu na stendi ya mabasi, na kwa wali maharage, ugali dagaa na supu ya asubuhi akanilipia ada mpaka nikaingia chuo kikuu. Hakuna mtu mwingine aliyenisomesha.

Naandika haya kwa ajili ya yeyote aliye pale nilipokuwa. Sikumchukia mama. Nilimtumia pesa kila mwezi na nilimwombea kila usiku. Lakini sikutaka aonekane. Siku ya mahafali yangu alikuja na hotpoti la pilau, alilolibeba mapajani tangu Morogoro, ili ale na rafiki zangu. Nikamwomba aliache kwenye gari la mjomba. Miaka michache baadaye alinitembelea Dar es Salaam. Jirani alipouliza huyu ni nani, nikasema ni mgeni wangu kutoka nyumbani. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, akasikia. Hakusema neno. Tangu hapo kila nilipomwalika alikuwa na udhuru, mara mguu, mara wateja, nami, Mungu anisamehe, moyoni nilipata nafuu.

Kazi yangu ni kutunza kumbukumbu za wagonjwa wa saratani. Ni kazi ya semina nyingi, na semina nyingi hufanyika hotelini. Huko ndiko nilikojifunza meza ya Kizungu, kwa kuangalia mikono ya wenzangu: uma kushoto, kisu kulia, kitambaa mapajani, usipulize supu. Nilijifunza kwa bidii kuliko nilivyojifunza mambo mengine ya maana. Niliamini kwamba mtu anayejua meza ile haulizwi ametoka wapi.

Kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha Lyon, Ufaransa, ambako Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lina makao yake tangu miaka ya 1960. Nilikwenda kwa mafunzo, nikapanga chumba kwa bibi mmoja mjane, mwalimu mstaafu. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza kama Kifaransa changu, lakini tulielewana. Jioni moja akaniuliza habari za wazazi. Nikamwambia mama yangu ana mgahawa. Safari hii niliongeza chumvi, nikasema ni mgahawa mkubwa, una wahudumu. Sijui kwa nini nilihitaji kumdanganya bibi yule, ambaye hakuwa na jambo lolote la kunipa wala kuninyima.

Mafunzo yalipokaribia kwisha akaniambia amehifadhi meza. Alisema mtoto wa mwenye mgahawa hawezi kuondoka Lyon kabla ya kula kwa Mère Brazier, yaani Mama Brazier. Nilijaribu kukataa kwa sababu ya gharama. Alijibu kwamba amekwisha kuamua, na kwamba katika umri wake hapendi kubishana juu ya chakula.

Mgahawa uko Rue Royale, namba 12, mtaa mwembamba usio mbali na mto Rhône. Niliingia nimevaa suti, nimejiandaa kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Vitambaa vya meza vilikuwa vyeupe, vimepigwa pasi mpaka mikunjo ikatoweka. Mbele ya kila kiti palikuwa na bilauri za kimo mbalimbali na visu na uma zilizopangwa pande mbili za sahani. Nilijua la kufanya: unaanza na za nje, unakwenda ndani kadiri vyakula vinavyokuja. Nililijua hilo vizuri, na bado tumbo lilinikaza.

Bibi alinieleza kwamba zamani Wafaransa walijaza meza vyakula vyote kwa pamoja, kila mtu akajichotea kilicho karibu naye. Mtindo wa kuleta kimoja baada ya kingine, kila mtu kwenye sahani yake na kikiwa cha moto, ulienea kwao katika karne ya 19, na mpaka leo wanauita wa Kirusi. Kwa hiyo zile uma nyingi hazikuwekwa kumtega mgeni. Zimetangulia ili asikatizwe katikati ya chakula kwa kuletewa nyingine. Nilikuwa nimekariri kanuni zile kwa miaka mingi bila kufikiri hata mara moja kwamba zilitungwa kwa faida ya anayekula.

Aliyetuhudumia alikuwa mzee mwembamba, mwenye mwendo usio na sauti. Sinywi pombe, nikamwambia hivyo nikitarajia uso wake ubadilike. Akaitikia kwa kichwa, akaondoa zile bilauri za mvinyo, akaleta maji. Basi. Alipoleta sahani ya kwanza nilimwona akifanya jambo dogo. Kabla ya kuiweka mezani alichukua ncha ya kitambaa alichobeba mkononi, akafuta ukingo wa sahani pale lilipodondokea tone la mchuzi, kisha akaiweka mbele ya bibi akiwa ameielekeza vizuri.

Mama yangu hufanya vilevile, kwa ncha ya khanga. Tangu nina akili namwona akifuta ukingo wa sahani kabla ya kumpa dereva au konda, hata foleni ikiwa ndefu, hata wapiga debe wakimharakisha. Nilipokuwa sekondari nilimwambia aache, kwamba ile khanga inamshushia hadhi. Hakuacha.

Nikawa sisikii vizuri bibi anachosema. Kumbe alikuwa anasimulia habari za mwenye mgahawa. Nilidhani jina kubwa namna ile ni la ukoo wa matajiri. Eugénie Brazier alizaliwa mwaka 1895 kijijini, katika mkoa wa Ain. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka kumi, akawekwa kwenye mashamba ya watu kuchunga nguruwe, na shule aliionja tu pale kazi za shamba zilipopungua. Mwaka 1914 alizaa mtoto bila ndoa, na baba yake akamfukuza. Akaja Lyon kuwa mfanyakazi wa ndani. Ni katika nyumba ya watu alikoanza kupika, halafu akaenda kufanya kazi kwa mama mwingine mpishi, Françoise Fillioux, ambaye naye alianza kwa kupika majumbani mwa matajiri. Wanawake wa namna hiyo walikuwa wengi Lyon. Walitoka kwenye majiko ya mabwana zao, wakafungua vijimgahawa vyao, na mji mzima ukawaita Mama Fulani na Mama Fulani.

Brazier alifungua mgahawa huo wa Rue Royale mwaka 1921. Baadaye akafungua wa pili mlimani, Col de la Luère, ambao mwanzoni haukuwa hata na umeme. Mwaka 1933 mwongozo wa Michelin ukatoa nyota tatu kwa mgahawa wa mjini na nyota tatu kwa ule wa mlimani. Kabla yake hakuna mpishi aliyewahi kuwa na nyota sita kwa pamoja, mwanamume wala mwanamke. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kijana Paul Bocuse, aliyekuja kuvuma dunia nzima, alijifunza kazi kwake kule mlimani, na miongoni mwa aliyofanya ni kukamua ng'ombe na kuhudumia bustani ya mboga. Bibi alimaliza kwa kusema kwamba mama huyo alifariki mwaka 1977, na kwamba ukitaka kuujua upishi mkubwa wa Lyon, ujue umetoka mikononi mwa watumishi wa ndani.

Hapo kuku akaletwa. Hiki ndicho chakula chenyewe watu wanachokifuata: kuku wa Bresse, wale weupe wenye miguu ya buluu, ambao jina lao linalindwa kwa sheria tangu mwaka 1957. Vipande vyembamba vya trafu, uyoga mweusi unaoota chini ya ardhi, vimepenyezwa katikati ya ngozi na nyama, hivyo weusi unaonekana kwa ndani. Mzee alimkata mbele yetu taratibu, akaweka pembeni karoti, liki na matango madogo ya achari. Lakini kuku mwenyewe amechemshwa. Amechemshwa kwenye supu pamoja na mboga, kwa moto mdogo, mpaka akalainika. Nilionja, nikaijua ladha ile. Ni supu ya kuku wa kienyeji, anayopikiwa mwanamke aliyejifungua, na ambayo mama aliniletea bwenini nilipougua malaria kidato cha pili.

Bibi akaniuliza kwa furaha, "Na mama yako, kuku anampika namna gani?"

Ningeweza kuendeleza uongo, nilikuwa na uzoefu. Nikaweka kisu na uma. Nikamwambia kwamba mama yangu hana mgahawa. Anapikia kwenye mkaa, kando ya stendi, na wateja wake wanakaa kwenye benchi la mbao. Nikamwambia nilikuwa namwonea haya, na kwamba nilimdanganya yeye aliyenipa chumba na sasa ananilisha. Nilingoja anihukumu. Nilistahili.

Bibi yule hakustuka, wala hakunihurumia. Alianza kuuliza maswali. Mama anaamka saa ngapi? Mkaa anaununua wapi, na bei yake ikipanda anafanyaje? Anajuaje apike wali kiasi gani ili usibaki? Maharage anayalowesha au hayaloweshi? Aliuliza kama mtu anayeuliza habari za fundi mwenye jina. Na mimi, mtoto wake, niliyelelewa kwa sufuria zile, sikuweza kujibu hata nusu ya maswali yake. Saa ya kuamka niliijua, kwa sababu ndiyo saa aliyoniamshia kwenda shule. Mengine sikuwahi kuyauliza. Aibu ilinizuia hata kuangalia.

Nililia pale mezani. Mzee aliyetuhudumia alipita, akajaza maji kwenye bilauri yangu, akaondoka bila kunitazama usoni. Nimehudhuria ibada nyingi maishani, na sijawahi kuhisi kusamehewa kama jioni ile, na watu nisiowadai upole.

Usiku nikampigia mama. Ilikuwa karibu saa saba kwao, akapokea kwa hofu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kuna nini? Unaumwa?"

Nilimwambia siumwi. Nikamwomba radhi kwa pilau la mahafali na kwa yale niliyomwambia jirani. Kimya kikawa kirefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Yale nilishayamaliza na Mungu siku nyingi. Wewe umekula?" Nikamwambia nimekula, na nikamuuliza maharage yake anayapikaje. Akanieleza usiku ule ule, kwa sauti ya chini ili asiwaamshe wajukuu: anayalowesha tangu jioni, anayachemsha bila chumvi, anatia tui jepesi kwanza, na tui zito linaingia mwisho, jiko likiwa limepunguzwa moto. Nilikuwa nimeyala maisha yangu yote.

Ningependa kusema kwamba nilirudi nyumbani mtu mpya. Sivyo ilivyokuwa. Kazini, wiki za mwanzo, mtu akitaja wazazi, ulimi ulirudi kwenye lile jibu la zamani wenyewe, na zaidi ya mara moja nililiacha litoke. Kusema ukweli mbele ya bibi wa mbali, ambaye huenda sitamwona tena, kulikuwa rahisi kuliko kuusema mbele ya mkuu wangu wa idara. Ilinibidi kuomba sana. Siku nilipomleta mama kwenye hafla ya kazini na kusema, "Huyu ni mama yangu, ni mama lishe pale Morogoro, ndiye aliyenisomesha," mikono ilikuwa inanitetemeka. Wenzangu walimwamkia, wakamkaribisha kiti. Mmoja akaniambia pembeni kwamba mama yake anauza vitumbua Tandika, na hajawahi kumwambia mtu.

Meza ile ya Lyon siichukii, na sijifanyi kwamba si ya gharama. Chakula cha mtu mmoja pale kingelipa ada ya mtoto shuleni, na hilo linanisumbua mpaka leo. Lakini sasa najua ni kazi ya nani. Nikienda mahali popote kula, pawe hotelini au kwa mama lishe, namsalimia anayenihudumia kabla ya kuagiza, na namshukuru anayepika. Zamani niliwaita kwa mluzi.

Mama bado anapika. Anaanza saa kumi na moja alfajiri, na saa tisa alasiri sufuria huwa zimekwisha kuoshwa. Jumamosi nikiwa Morogoro nakaa naye, nachambua mchele, na wateja wananijua kwa jina. Ndugu yangu unayesoma, kama kuna mzazi uliyemficha, mpigie leo. Muulize kazi yake anaifanyaje, umsikilize mpaka amalize.