Fedha za Mipira

Chama chetu cha vijana hukutana Kaloleni, karibu na ukumbi wa zamani wa jamii ambamo Azimio la Arusha lilipitishwa mwaka 1967, na ambao leo ni makumbusho. Likizo iliyopita tulikata shauri kutafuta fedha za mipira miwili. Siku za soko tuliteremsha mikungu ya ndizi kutoka mashamba ya Meru hadi Tengeru. Wasichana walijua kuuza kutupita mbali! Siku ya kuhesabu, mwenzetu mmoja alitueleza kwamba hatarudi shuleni, hana viatu wala madaftari. Tukabishana mpaka jioni. Mimi nilisema mpira mmoja watosha. Kura zikapigwa, tukashinda kwa kura mbili. Jumapili iliyofuata alicheza na viatu vile vipya, mama yake akamfukuza uwanjani kwa mwiko.