Muzee Atakaa Wapi?

Zamani kwetu hakuna aliyeulizwa, "Ukichoka na kazi utakaa wapi?" Jibu lilijulikana. Mtu alizeeka pale alipolima, na pale alipolima ndipo alipozikwa. Swali hili tulililetewa na mshahara. Mtu akianza kulipwa mwisho wa mwezi, kazi inampeleka mbali na shamba lake. Halafu siku moja kazi inamwachilia, naye anasimama katikati ya njia na valizi mkononi, hajui ashike upande gani.

Mimi nilifundisha shule ya msingi miaka 37. Nilianzia Nyamitaba, katika shefferi ya Bashali, teritware ya Masisi, na nikamalizia Goma. Mwaka 2018 niliacha chaki. Jioni moja watoto wakakutana kwetu ili tuzungumze habari ya uzee wetu, mimi na mama yao.

Binti yangu mkubwa, anayekaa Goma, alisema: "Papa, mubakie hapa. Mama iko na presha. Kule mulimani dawa mutapata wapi?" Kijana wangu aliye Kampala akasema kwa simu tuuze shamba la Nyamitaba, kwani kuna mtu mwenye ng'ombe anayelitaka lote, na kwa franga hizo tununue parseli mahali penye utulivu. Mdogo wangu, mfanyabiashara wa upande wa Walikale, akasema kule msituni udongo ungali mwingi, na baridi haivunji mifupa ya wazee. Kila mmoja alisema kwa mapendo. Mke wangu alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza neno moja tu: "Na siku tutakufa, nani atakuja kuchimba kaburi?"

Hakuna aliyejibu. Hapo nikaona kwamba tulikuwa tunapima hali ya hewa, dawa na bei ya udongo, lakini watu tulikuwa hatujawapima.

Mambo hayo mengine si ya kudharau. Nyamitaba iko karibu na ikweta, lakini usiku mtu analala na moto karibu, na asubuhi muzee anatafuta koti. Udongo ni mzuri: maharagi, viazi, ndizi, na maziwa hayakosekani nchi ikiwa na amani. Ila mvua ikinyesha barabara inakatika, na mgonjwa anabebwa mabegani. Goma ina dawa na ziwa, lakini tunajenga juu ya mawe ya volkano: tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji. Walikale ina joto, mito na msitu, na malaria pia. Kampala ina utulivu, lakini huko ningekuwa muzee asiyejulikana, anayesalimiwa kwa ajili ya mtoto wake.

Tukumbuke kwamba wako waliochagua milima hii yetu kabla yetu kwa sababu ya uzuri wake. Wakoloni Wazungu waliipenda Kivu kwa baridi yake. Mwaka 1928 ukaanzishwa ule ulioitwa Comité National du Kivu, ambao kazi yake ilikuwa kuwagawia udongo. Walipanda kahawa, chai, pareto na kinkina, wakajenga nyumba za mawe zenye mahali pa moto, na wengine walifikiri watazeekea hapa. Mwaka 1960 wengi waliondoka. Waliobaki, mashamba yao yalichukuliwa wakati wa zairianisation, iliyotangazwa tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1973. Sisemi hivi ili kuwacheka. Nasema mtu anaweza kuchagua vizuri sana upepo na maji, na asiwe na mtu wa kumwambia "karibu".

Mila yetu ilifanya namna nyingine. Katika Buhunde, aliyetaka udongo hakununua. Alikwenda kwa mwami au kwa mkubwa aliyewekwa naye, akatoa mutulo: mbuzi, pombe, baadaye sehemu ya mavuno. Mutulo haukuwa bei. Bei ikilipwa, watu wawili wanaachana, kila mmoja na njia yake. Mutulo uliwafunga pamoja: aliyepokea alijulikana ni mtu wa nani, na aliyetoa alipaswa kumtetea. Kisha mpaka ulionyeshwa kwa miguu. Wazee walitembea, wakapanda miti ile isiyokufa upesi hata ikikatwa, na watoto waliitwa waone, sababu wao ndio watakaoishi muda mrefu. Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe ni kazi, na pia ni njia ya kumwambia mtu kwamba sasa yeye ni jirani.

Tuseme ukweli: mila hiyo ilikuwa na vidonda vyake. Mkubwa mbaya aliweza kuongeza mutulo bila kipimo, au kumnyang'anya mnyonge. Halafu mambo yakachanganyika. Kuanzia mwaka 1937 Wabelgiji walileta watu kutoka Rwanda na kuwakalisha Gishari na kandokando yake, na jembe walipewa na mkoloni kuliko wenyeji. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973 ikasema udongo wote ni mali ya Serikali. Udongo unaoshikwa kwa mila ungepangiwa masharti yake kwa ordonansi ya Rais, na miaka mingi ikapita bila ordonansi hiyo. Kwa hiyo mwenye karatasi ya mjini aliweza kufika na kukuta watu waliozaliwa pale, kila upande ukiamini una haki. Tangu vita vilivyoanzia soko la Ntoto, Walikale, mwezi wa 3 mwaka 1993, tumeona matunda machungu ya mambo hayo. Kabila lolote katika Masisi lina makaburi ya kuhesabu.

Sasa nirudie shamba letu. Babu alilipata kwa mutulo. Baba yangu, naye alipokuwa na nguvu, alimpa jirani aliyefika baadaye kipande cha upande wa chini, kwa mbuzi mmoja na pombe, mbele ya wazee wanne, bila karatasi. Jirani huyo alikufa, mjane wake akabaki pale na watoto. Yule mwenye ng'ombe alitaka shamba lote. Kama ningeuza, mjane yule angeondoka na sufuria zake, na mimi ningetibiwa presha ya mke wangu kwa franga za kuvunja neno la baba.

Mwaka 2019, mwezi wa 7, wakati wa kiangazi, nilipanda na watoto wangu wawili na mjukuu mmoja. Gari hadi Sake, kisha milima, mwisho pikipiki. Nilipofika sikuenda shambani kwanza. Nilinunua kasiksi, nikawaita majirani wote, wa lugha zote, maana muzee anayerudi naye ni mgeni, lazima abishe hodi. Kati ya wale wazee wanne alibaki mmoja, macho yamefifia. Tukamshika mkono. Alitembea mpaka wote kwa fimbo yake, akigusa miti, na kila mti alisema ulipandwa na nani. Mjane alifuata nyuma bila kusema kitu. Nadhani alikuwa anangoja neno baya.

Nilimuomba yule muzee tuandike. Akacheka: "Karatasi ya nini, mwalimu? Mutu mwenyewe njo karatasi." Nikamjibu: "Baba, na karatasi tatu zimekwisha kufa." Akakubali. Tukaandika kurasa mbili: mipaka, majina, jina la mjane na kipande chake, sahihi na vidole, kopi tatu. Moja kwake, moja kwangu, moja kwa mkubwa wa kijiji. Tena tukachagua mahali padogo karibu na njia, pa nyumba ya mbao ya vyumba viwili. Nikawaambia watoto wangu mbele ya wote: hapa hapauzwi, na yule mama haondoki. Kijana wangu wa Kampala alinikasirikia miezi mingi.

Ndugu zetu Banyanga wa Walikale wana hadithi ya Mwindo, ile ambayo Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliitoa kwa kitabu mwaka 1969. Baba yake Mwindo alikataa watoto wa kiume, akataka kumuua, na mwisho akakimbilia chini ya ardhi. Mwindo alimfuata, akamrudisha Tubondo, kijiji chao. Angeweza kuchukua yote. Lakini nchi iligawanywa, baba sehemu yake na mtoto sehemu yake. Kila ninapoikumbuka hadithi hii naona inatufaa sisi tunaorudi: ukirudi nyumbani, usirudi kama mwenye kila kitu. Waliobaki ndio waliolinda moto usizimike.

Mimi nilifikiri nimemaliza. Kumbe ilikuwa mwanzo. Usiku wa tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021 Nyiragongo ilitapika tena, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya Goma iliamriwa kuhama. Tulikimbia na watu wengi hadi Sake, mke wangu akitembea kidogo, akipumzika kidogo. Huko mtu mmoja aliniita: "Weye si muzee wa kasiksi ya Nyamitaba?" Alikuwa mmoja wa waliokunywa siku ile. Tulilala kwake mpaka tuliporudi.

Mwaka 2021 mji ulikimbilia mlimani. Mwaka 2023 mlima ulikimbilia mjini. Kitchanga ilipoanguka mikononi mwa M23 mwezi wa 1 mwaka ule, na vita kuzagaa katika Bashali, siku moja tulisikia hodi mlangoni. Ni yule mjane, na watu sita. Walilala katika sebule yetu majuma kadhaa, kisha wakapata hema Bulengo. Mke wangu alimpelekea chumvi na sabuni, yeye alikuja kumfulia mke wangu siku za presha. Hakuna aliyehesabu nani anamdai nani. Goma nayo ikaingiwa mwezi wa 1 mwaka 2025, na mwezi uliofuata makambi yakavunjwa, watu wakaambiwa warudie makwao. Mjane akapanda milima tena.

Basi nani alichagua vizuri? Binti alikuwa na haki kuhusu dawa: bila Goma huenda ningekuwa mjane mwanaume. Kijana wa Kampala alikuwa na haki kuhusu utulivu, na leo nasema hivyo mbele yake. Lakini katika miaka hii hapakuwa na mahali pa usalama ambapo ningeweza kujifungia na kusema nimefika. Mahali pamoja baada ya pengine palihama. Waliobaki ni watu tuliotembea nao mpaka mmoja.

Kwa wenzangu wanaokaribia kuacha kazi, nasema haya kwa ufupi. Usingoje pansio ndipo uanze kurudi, kwa maana fimbo ya mbali haiui nyoka; nenda ungali na magoti ya kupanda mlima. Mpeleke mtoto, tena mjukuu, atembee mpaka na ajue majina ya majirani, si majina ya ndugu tu. Andika, lakini andika mbele ya wale ambao karatasi inaweza kuwaumiza, wasikie kila neno. Kama kuna mtu anayelima kipande cha baba yako, msalimu kabla ya kupima udongo. Na dawa ni dawa: mgonjwa akihitaji mji, akae mjini bila haya. Mila haikumtuma mtu akafe kwa sababu ya heshima.

Sisi tungali Goma. Nyumba ya vyumba viwili haijajengwa. Kwa simu mjane alinieleza kwamba nyumba yake alikuta majivu, lakini miti ya mpaka imechipuka tena, naye amepanda maharagi mpaka kwenye alama, na hakuvuka hata hatua moja. Kile kipande karibu na njia hakukigusa. Kisha akauliza: "Mwalimu, mbao utaleta lini?"

Nilimwambia mke wangu. Alikuwa anachambua maharagi, hakuinua kichwa. Akasema, "Mujibu kwamba tunakuja." Sijamjibu bado, kwa sababu sijui siku. Lakini lile swali lake la kaburi, tangu hapo hajaliuliza tena.