Kadi Yenye Dirisha: Vijenzi vya Ukurasa na Madaraka ya Mwalimu

Katika zana za kufundishia kusoma zinazotengenezwa vyuoni mwetu, ni chache zilizo rahisi na zenye manufaa kama kadi yenye dirisha. Mwalimu huchukua karatasi ya manila, akakata matundu mawili, kisha akapenyeza ukanda mrefu ulioandikwa silabi. Auvutapo ukanda, silabi hutokea dirishani moja baada ya nyingine: ma, me, mi, mo, mu. Wiki ifuatayo kadi ni ile ile. Kilichobadilika ni ukanda. Mwalimu wa darasa la pili huiazima akatia ukanda wake wa maneno, na wa hesabu akatia wake wa kujumlisha. Aliyeikata kadi hakuhitaji kujua mapema wenzake wataandika nini.

Twaanza na kadi hii kwa kuwa jambo tunalotaka kulieleza, yaani kutengeneza kurasa za wavuti kwa vijenzi vinavyorekebishika, limejengwa juu ya wazo hilo hilo. Kijenzi ni kipande cha ukurasa kilichotengenezwa mara moja, kikapewa jina, kisha kikatumika mahali pengi: kitufe, jedwali la mahudhurio, kisanduku cha swali na majibu yake. Fikra yenyewe si ya jana. Mwaka 1968, katika mkutano wa wataalamu wa programu uliofanyika Garmisch, Ujerumani, Douglas McIlroy alitoa hoja kwamba programu zijengwe kwa vipande vilivyotengenezwa tayari, kama ifanyikavyo viwandani. Lakini HTML, lugha ya kurasa za wavuti, kwa miaka mingi ilikuwa na tagi zilizokwisha kupangwa: aya, kichwa, orodha, kiungo. Leo mtengenezaji aweza kubuni tagi yake mwenyewe, kivinjari kikaitambua. Chrome ilianza kuupokea utaratibu huo kama ulivyo sasa mwaka 2016, Safari mwaka 2017, na Firefox mwaka 2018. Sharti moja la jina ni kwamba liwe na kistari ndani yake, ili lisigongane na tagi za HTML yenyewe. Hakuna sharti kwamba liwe la Kiingereza. Ndiyo sababu kijenzi cha kwanza cha wanachuo wetu kinaitwa kadi-silabi, nasi hatukuona haya.

Kazi yake ni ndogo. Mwalimu huandika katika ukurasa jina la kijenzi, na ndani ya tagi hiyo huongeza sifa, kwa mfano neno="ma-ma". Mtoto akigusa kadi, silabi ya kwanza hujitokeza. Akigusa tena, ya pili. Mwishoni huliona neno zima. Ukurasa wenye maneno ishirini una kadi ishirini, lakini msimbo wa kadi umeandikwa mara moja tu. Ukirekebishwa hapo, zote ishirini zimerekebishika. Faida hiyo huonekana hata katika kazi za ofisi: sura ya andalio la somo ikibadilika, kama itokeavyo mitaala inapoboreshwa, hakuna haja ya kufukua kila ukurasa.

Baadhi ya wanachuo waliuliza, na swali lao lilikuwa la haki: kwa nini mwalimu atiwe taabu ya kuandika vistari? Kompyuta haiwezi kulikata neno yenyewe? Tuliwapa maneno mawili, mbu na mbuzi. Katika mbu, m ni silabi peke yake, tena ndiyo inayobeba mkazo: m-bu. Katika mbuzi, m imeshikamana na b: mbu-zi. Herufi tatu za mwanzo ni zile zile, na ukataji si mmoja. Hali kadhalika nchi ni n-chi, mtoto ni m-to-to, lakini chumba ni chu-mba, na ch ni sauti moja ingawa imeandikwa kwa herufi mbili. Kanuni za kuelekeza mashine zaweza kutungwa, lakini zitakuwa na vighairi vingi, na kila kighairi kilichosahauliwa kitamfundisha mtoto kosa. Mwalimu wa darasa la kwanza anazijua silabi hizi kwa sikio. Basi tukaona uamuzi huo uachwe mikononi mwake.

Papo hapo yafaa kuonya juu ya ng'ombe. Thamani ya sifa yaweza kuzungushiwa alama za kunukuu za kistari kimoja au za vistari viwili. Mwandishi akitumia za kistari kimoja, kivinjari kikifika kwenye ritifaa ya ng' kitadhani thamani imekwisha, na mtoto ataletewa "ng" peke yake bila ng'ombe. Zitumike za vistari viwili: neno="ng'o-mbe". Ni jambo dogo, lakini vitabu vya programu vilivyoandikwa na watu wasio na ng' katika lugha yao havina sababu ya kulikumbuka.

Sasa tuingie katika jambo lililotufanya tushike kalamu. Mwanachuo mmoja alikwenda katika mazoezi ya kufundisha akiwa na programu ya kusomea iliyotungwa kwa ajili ya lugha nyingine, kisha ikatiwa maneno ya Kiswahili. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya sabini, na zana zilikuwa kishikwambi kimoja na projekta. Programu ile iliikata chumba kuwa c, h, u, m, b, a. Hilo lingevumilika, maana mwanachuo alikuwa na chaki. Lakini mtoto alipokosea, ililia honi na kuweka alama ya X nyekundu iliyojaa ukuta mzima. Msichana wa kwanza aliyekosea alichekwa na darasa. Baada yake mikono iliyoinuka ilikuwa ya watoto watatu tu, wale wale, hadi kipindi kikaisha.

Jioni mwanachuo aliifungua programu atafute pa kuizima honi. Alikuta mengi ya kurekebisha: mandhari ya tembo, mandhari ya maua, rangi saba za vitufe, jina la shule juu ya ukurasa. Honi haikuwamo. Waliotengeneza programu ile waliacha wazi mapambo, wakaifunga methodolojia. Mwalimu aliruhusiwa kuchagua tembo au maua. Namna ya kumjibu mtoto aliyekosea ilikuwa imekwisha kuamuliwa na mtu ambaye hakupata kuliona darasa lile.

Kwa hiyo katika kadi-silabi tuliwataka wanachuo waanze na swali hili: ni lipi ambalo mwalimu mmoja atalihitaji tofauti na mwenzake kwa sababu ya watoto alionao? Maneno ya kumjibu aliyekosea ni mojawapo. HTML ina tagi maalumu ya kuacha upenyo ndani ya kijenzi, mahali ambapo mtumiaji hutia maudhui yake, nayo ni dirisha la ile kadi ya manila hasa. Upenyo huo tumeuita kosa. Mwalimu aweza kuandika humo "Tujaribu tena, anza na m", au akatia picha. Asipotia kitu, kijenzi huonyesha kilichowekwa tayari na mtengenezaji. Kwetu ni neno lile lile tena, kimya.

Mwandiko nao tuliuacha wazi. Fonti nyingi huonyesha a ya vitabuni, yenye kikono kilichopinda juu, hali mwalimu ubaoni ameandika a ya mviringo na kijiti. Mtu mzima hatambui tofauti hiyo. Mtoto wa wiki ya tatu huziona kuwa herufi mbili.

Yapo tuliyoyafunga makusudi. Kadi haionyeshi sahihi na kosa kwa rangi peke yake, maana wako watoto, wavulana zaidi kuliko wasichana, wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kadi haipungui ukubwa unaotosha kidole cha mtoto. Wala haihifadhi jina la mtoto popote. Mambo hayo hayategemei darasa, basi hayana haja ya kuwa na mpini wa kuyageuza.

Kundi jingine lilikwenda upande wa pili, likatengeneza kijenzi chenye sifa 17. Kila sifa ilikuwa na mtetezi wake. Tulipompelekea mwalimu wa shule ya jirani aliuliza zipi ni za lazima, akajibiwa kwamba inategemea. Akashukuru kwa adabu, akaendelea na ubao wake. Kwa maoni yetu alifanya sawa. Kundi lilirudi likapunguza hadi sifa nne, yaani neno, picha, mwandiko na mwendo, na kila moja ikapewa chaguo-msingi ili kadi ifanye kazi hata likiandikwa neno tu. Kupunguza kulichukua muda mrefu kuliko kutengeneza.

Kazi nzima ni faili mbili, moja ya ukurasa na moja ya msimbo wa JavaScript, nazo hubebwa katika flashi na kufunguliwa pasipo intaneti. Ila msimbo uandikwe kwa njia ya kawaida, usiitwe kama moduli, kwani Chrome huzikataa moduli ukurasa unapofunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye faili. Shule nyingi tunakopeleka wanachuo hazina njia nyingine.

Hivi sasa wanachuo wa mwaka wa pili wako katika kijenzi cha saa, nao wamegawanyika. Mshale mfupi ukiwa kwenye 7, sisi husema saa moja, na saa nyingi zilizotengenezwa tayari husema saba. Wamekubaliana kuwe na sifa ya usomaji, ili mwalimu wa Kiswahili na wa Kiingereza kila mmoja atie wake. Wasichokubaliana ni chaguo-msingi. Upande mmoja wasema mtoto asikie saa moja kama asikiavyo nyumbani. Upande wa pili wasema asome namba aionayo ukutani na katika simu ya mzazi. Majadiliano yamechukua vipindi viwili. Kwa wakati huu, sifa hiyo isipojazwa, kijenzi huonyesha mishale tu, kisitamke lolote.