Kadi Juu ya Kaunta

Mwanzoni mwa 2003 Nairobi ilikuwa imelewa matumaini. Mwai Kibaki alikuwa ameapishwa kuwa rais Uhuru Park tarehe 30 Desemba 2002, mguu ukiwa kwenye plasta, na watu waliamini hongo imekwisha kwa kura. Ndani ya matatu namba 23 tuliyopanda Kangemi, abiria walikuwa wakali kuliko sheria. Afande akinyoosha mkono dirishani, mama mwenye kikapu anauliza kwa sauti, "Unachukua nini, baba?" Makanga anarudisha noti mfukoni huku akicheka.

Nikishuka mjini nilitembea hadi Harambee Avenue, kwenye ofisi ya serikali nilikokuwa karani. Huko ukali wote uliyeyuka. Kumkemea polisi usiyemjua ni rahisi. Kumkemea mwenzako unayekula naye githeri saa saba ni kazi nyingine.

Mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma. Tuliijua kwanza kwa fomu zake: kila mtumishi atangaze mali yake, ya mwenzi wake na ya watoto wake walio chini ya miaka 18. Mzee mmoja wa masjala aliuliza kama aandike ng'ombe aliye kwa mamake, na ndama naye je, akizaliwa katikati ya mwaka? Tulicheka sana. Wachache walisoma kifungu kilichotugusa zaidi: afisa asiigeuze ofisi yake kuwa mahali pa kuchangisha harambee.

Vijana wa leo huenda hawazijui kadi za harambee za wakati ule, karatasi ngumu yenye safu ya majina na safu ya pesa. Enzi za Rais Moi chifu alikuwa nazo, na waliokuwa juu yake pia. Ukienda kufuata barua yako, ulijikuta umechangia kwanza shule usiyoijua. Harambee ilijenga shule nyingi nchini, hilo halina ubishi. Ilijifunza pia kukaa mlangoni kama bawabu.

Kadi ya mwenzangu mmoja wa ofisini ilikuwa ya shida ya kweli. Mtoto wake alikuwa amelazwa, bili inapanda, na mimi nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandika jina. Tulikuwa chama kimoja cha kuchangiana. Nilipojifungua, yeye ndiye aliyeniletea uji. Siku moja nikaiona kadi imelazwa wazi kwenye kaunta, kalamu juu yake. Mzee aliyetoka Dagoretti kufuatilia faili aliitazama, akatutazama, akatoa mia mbili. Faili likapatikana kabla ya chai ya saa nne. Jioni nikirudi nyumbani, Waiyaki Way nzima, nilisumbuliwa na jambo moja tu: hakuna aliyemwomba.

Kumripoti kwa bosi? Angesimamishwa kazi mtoto akiwa kitandani. Kunyamaza nako kulinishinda. Kesho yake niliiondoa kadi, nikamwita pembeni.

"Tuizungushe kanisani na chamani, dada. Si hapa."

"Kwani nimeiba?"

"Hujaiba. Lakini yule mzee angekataaje?"

"Wakubwa wanakula mamilioni, wewe umeniona mimi!"

Kuhusu wakubwa hakukosea. Mwaka uliofuata kashfa ya mikataba ya serikali iliyoitwa Anglo Leasing ilifichuka, na Februari 2005 John Githongo, katibu wa kudumu aliyekabidhiwa masuala ya maadili, alijiuzulu akiwa London. Ila wizi wa juu, hata uwe mkubwa vipi, haukumrudishia mzee wa Dagoretti mia mbili zake.

Jumamosi tuliizungusha kadi Kangemi, mlango kwa mlango, na bili ikalipwa kwa taabu. Mtoto alipona. Mamake alijitoa chamani, na wenzetu kadhaa wakasema nilimjali mgeni kuliko rafiki. Mgeni huyo ndiye aliyekuwa akitulipa mshahara. Salamu za mwenzangu zilibaki baridi hadi alipohamishwa, na jambo hilo liliniuma. Kadi ningeiondoa tena.